Sura ya Sita: Je, Mgongo Unatibika Bila Kisu?

"Dokta, hakuna sindano ya kulimaliza hili?" Swali hili huulizwa kila siku ya kliniki ya mifupa, iwe Muhimbili au Bugando, iwe Moshi au Mombasa. Anayeuliza huenda ni dereva wa lori anayekwenda Tunduma na kurudi, mama wa sokoni aliyeinamia beseni la samaki tangu usichana wake, au mhasibu asiyeinuka kitini hadi jua lizame. Amemeza vidonge vya kila rangi. Amechuliwa, amekandwa kwa maji ya moto, amevaa mkanda wa kiuno mpaka ukalegea. Sasa amesikia kuna tiba mpya: unachomwa sindano au unatobolewa tundu dogo, unaingia hospitali asubuhi na jioni unalala kwako. Anataka kujua kama ni kweli.

Ni kweli. Tiba hizo zipo, na baadhi zimewainua watu waliokuwa hawawezi kufunga kamba za viatu. Lakini udogo wa tundu hauna uhusiano na kupona. Kupona kunategemea kama maumivu yako yana chanzo ambacho sindano au kifaa kinaweza kukifikia. Wengi wanaougua mgongo kwa miaka hawana chanzo cha namna hiyo, na hao ndio wanaouza shamba au kuvunja akiba ya kikoba kwa tiba ambayo haikuwa yao. Sura hii nimeiandika hasa kwa ajili yao.

Maumivu yanatoka wapi?

Maumivu ya mgongo huitwa sugu yakivuka miezi 3. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini, na kwamba ifikapo 2050 watafika milioni 843. Hakuna tatizo jingine la kiafya duniani linalowanyima watu wengi kiasi hicho uwezo wa kufanya shughuli zao.

Kiuno kina pingili 5. Kati ya pingili na pingili kuna diski, kitu cha mviringo chenye ganda la nyuzi ngumu nje na ute mzito ndani, kazi yake kupokea uzito na mshindo. Upande wa nyuma, kila pingili imeungana na mwenzake kwa viungo vidogo viwili, kushoto na kulia. Pembeni, kupitia uwazi ulio kati ya pingili, hutoka neva, yaani mishipa ya fahamu inayoleta hisia na kupeleka amri kwenye misuli mpaka kidole cha mwisho cha mguu.

Sasa usikilize mwili wako mwenyewe. Maumivu yanayoanzia kiunoni, yakapita takoni na nyuma ya paja, yakavuka goti hadi unyayoni, yakiambatana na ganzi au kama unapigwa shoti, mara nyingi ni ya neva iliyobanwa. Hiyo ndiyo siatika, na mbanaji wa kawaida ni diski iliyotoka. Maumivu yanayobaki kiunoni, yanayokaza asubuhi na kulegea ukianza kutembea, ni jambo jingine. Kati ya watu 10 wenye maumivu ya mgongo wa chini, karibu 9 hawana ugonjwa mmoja unaoweza kuonyeshwa kwa kidole. Misuli, viungo, kazi, usingizi mbaya na wasiwasi wa ada za watoto vyote huchangia. Hii haina maana kwamba wanajifanya. Maumivu yao ni ya kweli kabisa. Ina maana kwamba hakuna mahali pamoja pa kuchoma sindano.

*Kwa ufupi: maumivu ya kiuno peke yake na maumivu yanayoshuka mguuni ni vitu viwili, na tiba nyingi za tundu dogo zenye mafanikio ni za hili la pili.*

"Picha inaonyesha diski zimechakaa"

Hapa ndipo watu wengi huingizwa katika hofu. Mgonjwa amelipia kipimo cha MRI, mashine inayotumia sumaku kuchora picha za ndani ya mwili, na bei yake si ya mchezo. Anakabidhiwa karatasi imejaa maneno: diski imekauka, diski imevimba, pingili zina ncha za mifupa. Anatoka akitembea kwa woga, mkono kiunoni, akiamini mgongo wake utavunjika akiinua ndoo.

Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za watu ambao hawaumwi mgongo hata kidogo. Miongoni mwa vijana wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizoanza kuchakaa. Miongoni mwa wazee wa miaka 80, asilimia 96. Diski zilizovimba zilionekana kwa asilimia 30 ya vijana hao na asilimia 84 ya wazee. Narudia: watu hawa hawakuwa na maumivu. Diski huchakaa kama nywele zinavyoota mvi, na picha peke yake haiwezi kusema kwamba hiyo ndiyo inayokuuma.

Picha ina thamani pale inapokubaliana na mguu wako. Kama ganzi iko kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto, na picha inaonyesha diski imebana neva ya kushoto inayohudumia kidole hicho, hapo daktari ana kitu mkononi. Kama picha inaonyesha kulia na wewe unaumwa kushoto, usikubali kuchomwa kwa sababu ya karatasi.

Utomvu wa papai na masikio ya sungura

Hamu ya kutibu mgongo bila kupasua si ya jana. Mwaka 1934 madaktari wawili wa Boston, Mixter na Barr, walieleza kuwa diski iliyotoka inaweza kubana neva, na wakaonyesha kwamba ikiondolewa maumivu ya mguu hupungua. Upasuaji wa enzi hizo ulikuwa mkubwa, mfupa mwingi ukiondolewa, mgonjwa akilala wodini muda mrefu. Kila mtu alitafuta njia nyepesi.

Njia moja ilitoka kwenye papai. Mwaka 1956 daktari wa Marekani, Lewis Thomas, aliwachoma sungura sindano ya kimeng'enya cha papai, kitu kilekile kinacholainisha nyama ngumu jikoni ukiifunika kwa majani ya mpapai. Saa chache baadaye masikio ya sungura yalilala chini, yamelegea kabisa, kwa sababu magegedu yake yalilainika. Baada ya siku kadhaa yakasimama tena. Daktari mwingine wa Marekani, Lyman Smith, akajiuliza: kama kimeng'enya hiki kinalainisha gegedu la sikio, kitafanya nini kwa diski iliyotoka? Mwaka 1963 alimchoma mgonjwa wa kwanza.

Kwa wengi ilifanya kazi. Diski ilisinyaa, neva ikapumua. Marekani iliruhusu dawa hiyo itumike kwa umma mwaka 1982, na maelfu kwa maelfu wakaifuata. Kisha yakaja mengine: baadhi ya wagonjwa walipata mzio mkali wa kutishia maisha, na wachache wakapooza miguu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa imekwisha kuondoka sokoni huko. Nimeisimulia habari hii kwa urefu kwa sababu inafaa kukumbukwa kila mtu anapokwambia kwamba sindano, kwa kuwa ni sindano, haina madhara.

Sindano ya steroidi

Hii ndiyo inayotolewa zaidi. Steroidi ni dawa kali ya kupunguza uvimbe. Daktari huipitisha kwa sindano ndefu hadi kwenye nafasi iliyo nje kidogo ya utando unaofunika neva za uti wa mgongo, akiongozwa na eksirei inayoonyesha picha papo hapo. Wazo la kufikia nafasi hiyo lilianza Paris mwaka 1901, enzi ambapo dawa iliyochomwa ilikuwa kokeni ya kutia ganzi. Steroidi ziliingia miaka ya 1950.

Kwa siatika, sindano hii hupunguza maumivu kwa kiasi kidogo na kwa wiki chache. Haiondoi diski. Inaweza kumpa mgonjwa nafuu ya kulala na kuanza mazoezi wakati mwili wenyewe unaendelea kuifyonza diski iliyotoka, jambo ambalo mwili hulifanya mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kwa maumivu ya kiuno yasiyoshuka mguuni, faida yake haijaonekana.

Kuna makundi matatu ambayo lazima yaseme hali zao kabla ya sindano, hata kama hayakuulizwa:

- Wenye kisukari. Steroidi hupandisha sukari kwa siku kadhaa.
- Wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda. Damu ikivuja karibu na uti wa mgongo inaweza kubana neva na kuleta kupooza.
- Wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zenye ritonaviri. Dawa hii huzuia mwili kuivunja steroidi, hasa ile iitwayo triamsinoloni, ambayo hujikusanya mwilini mpaka uso unavimba, sukari inapanda na tezi za juu ya figo zinalala.

Hili la tatu naliweka kwa herufi nzito moyoni mwangu. Katika nchi zetu wapo watu wengi wanaoficha dawa zao kwa aibu, wakimwona daktari wa mifupa tofauti na yule wa kliniki yao. Mwambie daktari. Ukiona vigumu kutamka, mwonyeshe kichupa.

Usafi nao si jambo dogo. Mwaka 2012 nchini Marekani, steroidi zilizoingiwa na kuvu kiwandani ziliwafanya zaidi ya watu 700 waugue, wengi kwa sindano za mgongo, na zaidi ya 60 wakafa. Kama hilo lilitokea huko, sindano ya mgongo haifai kupigwa kwenye chumba cha nyuma cha duka la dawa, hata mpigaji awe na mkono mwepesi namna gani.

Kuunguza neva kwa joto

Tiba hii inalenga vile viungo vidogo vya nyuma. Kila kiungo kina vineva vyembamba vinavyobeba habari ya maumivu. Ukiviunguza, habari haifiki.

Unalazwa kifudifudi, mto chini ya tumbo ili kiuno kisibonyee. Ngozi inasafishwa, inatiwa ganzi. Mashine ya eksirei yenye mkono uliopinda inazungushwa juu yako, na daktari anasukuma sindano ya urefu wa kama sentimita 10, macho yake yakiwa kwenye kioo. Uko macho, na ni lazima uwe macho. Kabla ya joto anapitisha umeme mdogo. Unahisi kitu kinadunda ndani ya kiuno, naye anauliza: mguu unaruka? Ukiruka, sindano imekaribia neva ya misuli ya mguu, anairudisha na kuanza upya. Usiporuka, anaongeza ganzi, na ncha inapashwa hadi nyuzi joto 80 kwa sekunde 60 hadi 90. Unakwenda nyumbani siku hiyohiyo.

Neva huota tena, mara nyingi kati ya miezi 6 na mwaka, na maumivu yanaweza kurudi nazo.

Swali ni kama inafaa. Mwaka 2017 yalitolewa matokeo ya majaribio matatu ya Uholanzi yaliyohusisha wagonjwa 681. Wote walipewa mpango wa mazoezi; nusu waliongezewa tiba ya joto. Tofauti kati yao ilikuwa ndogo mno kuweza kumfaa mgonjwa. Februari 2025, jopo la wataalamu lililochapisha mwongozo wake katika jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, likapendekeza kwa nguvu kwamba watu wenye maumivu sugu ya uti wa mgongo yasiyotokana na saratani wasifanyiwe tiba hii, wala sindano za steroidi kwa maumivu hayo sugu. Vyama vya madaktari wa maumivu vilipinga, vikisema mgonjwa akichaguliwa vizuri anafaidika.

Kuchaguliwa vizuri kunamaanisha sindano ya majaribio. Daktari hutia ganzi tu kwenye vile vineva, kisha unaambiwa urudi kwenye shughuli zinazokuumiza: inama, kaa, panda ngazi. Maumivu yakipungua sana kwa saa hizo chache, huenda chanzo kimepatikana. Yasipopungua, joto halitasaidia. Maoni yangu ni kwamba anayekupangia kuunguzwa bila majaribio haya anakubahatisha, na pesa inayobahatishwa ni yako.

Tundu dogo kwa diski iliyotoka

Hapa habari ni njema zaidi. Mwaka 1977 madaktari wa Ulaya walianza kuandika jinsi walivyoondoa kipande cha diski kwa kutumia hadubini ya chumba cha upasuaji, kupitia jeraha la sentimita 2 au 3 badala ya mkato mrefu. Baadaye Parviz Kambin, aliyefanya kazi Philadelphia, alichora eneo salama la pembetatu pembeni mwa diski ambapo kifaa kinaweza kupita bila kugusa neva. Linaitwa kwa jina lake mpaka leo. Kupitia hapo hupita mrija wenye kamera, kwa mkato usiofika sentimita 1, mara nyingine mgonjwa akiwa na ganzi ya mahali pale tu na akizungumza na daktari.

Jaribio la Uholanzi la mwaka 2022 kwa wagonjwa 613 lilionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja njia ya kamera haikuwa duni kuliko ile ya hadubini katika kuondoa maumivu ya mguu. Soma vizuri: ya mguu. Anayefanyiwa upasuaji huu kwa sababu ya kiuno tu, mara nyingi huamka na kiuno chake kilekile.

Hata mwenye siatika ana muda wa kufikiri. Jaribio jingine la Uholanzi, la mwaka 2007, liliwagawa watu 283 wenye siatika kali ya wiki 6 hadi 12: baadhi wakapasuliwa mapema, baadhi wakasubiri huku wakitibiwa, na ikishindikana ndipo wapasuliwe. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi. Lakini baada ya mwaka, katika kila kundi asilimia 95 walikuwa wamepona, na wengi wa waliosubiri hawakuhitaji kupasuliwa. Kwa hiyo upasuaji hununua muda. Kwa fundi anayelisha familia kwa kibarua cha kila siku, miezi mitatu ya kulala chini si jambo la kudharau, na uamuzi wake wa kupasuliwa mapema unaweza kuwa sahihi kabisa.

Saruji na betri

Viwili hivi navipitia kwa haraka kwa kuwa haviwahusu wengi. Kuna saruji maalumu ya kitabibu inayochomwa ndani ya pingili iliyopondeka, hasa kwa wazee wenye mifupa laini. Ilianzia Amiens, Ufaransa, mwaka 1984. Mwaka 2009 majaribio mawili yalilinganisha saruji hiyo na matibabu ya kuigiza, ambapo mgonjwa aliandaliwa na kuchomwa ganzi lakini saruji haikuingizwa. Matokeo yalifanana. Kuna pia kifaa chenye betri kinachopandikizwa chini ya ngozi na kupeleka umeme mdogo kwenye uti wa mgongo, kilichobuniwa mwaka 1967. Ni ghali mno, na jaribio la Norwe la mwaka 2022, kwa watu waliobaki na maumivu baada ya upasuaji wa mgongo, halikuona tofauti kati ya kifaa kilichowashwa na kilichozimwa.

Kinachoweza kukufaa leo

Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini. Linapendekeza elimu kwa mgonjwa, mazoezi, tiba ya kisaikolojia, na dawa za kawaida za kutuliza uvimbe na maumivu. Halipendekezi mikanda ya kiuno, kuvutwa mgongo kwa uzito, wala dawa za jamii ya mofini.

Najua mazoezi yanasikika kama jibu la kumfukuza mgonjwa. Basi angalia ushahidi. Nchini Australia mwaka 2024, watu 701 waliokuwa wamepona karibuni waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilisaidiwa kufikia kutembea kama dakika 30, mara 3 hadi 5 kwa wiki. Nusu ya waliotembea walikaa siku 208 au zaidi kabla ya maumivu kurudi. Kwa wasiotembea, siku 112. Hakuna sindano iliyotajwa katika sura hii yenye rekodi ya namna hiyo. Mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, anaweza kukupangia hatua zako, na hospitali nyingi za mikoa zinaye.

Uliza kabla hujalipa

1. Chanzo cha maumivu yangu ni kipi, na umekijuaje mbali na picha?
2. Tiba hii ni ya maumivu ya kiuno au ya mguu?
3. Nafuu itadumu muda gani, na ikirudi tutafanya nini?
4. Umewafanyia wagonjwa wangapi, na kuna eksirei ya kuongozea sindano?
5. Gharama yote ni kiasi gani, pamoja na vipimo na kurudi kliniki, na bima inalipa nini?

Nenda na mtu. Maumivu hufanya mtu akubali haraka, na ndugu aliyekaa kando husikia yale ambayo mgonjwa hayasikii.

Nani asisubiri

Yote niliyosema kuhusu subira hayawahusu watu wafuatao. Homa, jasho la usiku na kukonda pamoja na maumivu ya mgongo vinaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho hutibika kwa dawa kikiwahiwa. Kwa wafugaji na wanywaji wa maziwa yasiyochemshwa, huenda ni bruselosi. Mtu aliyewahi kuwa na saratani, au mzee ambaye maumivu yake hayampi nafasi hata akilala, apimwe mapema. Mguu unaopoteza nguvu, mpaka kandambili inavuka yenyewe bila wewe kujua, unahitaji daktari wiki hiyohiyo.

Na kuna dalili moja ya dharura isiyosubiri hata asubuhi: ganzi sehemu za siri na kuzunguka njia ya haja kubwa, mkojo kukataa kutoka au kutoka bila taarifa, haja kubwa kushindwa kuzuilika. Hapo diski au kitu kingine kimebana fungu zima la neva za chini, na kila saa inayopita inapunguza uwezekano wa kurudi katika hali ya kawaida. Nenda usiku huohuo kwenye hospitali yenye daktari wa upasuaji wa mifupa au wa mishipa ya fahamu. Ukifika mapokezi, usianze na habari ya mgongo. Taja ganzi na mkojo kwanza, bila kuona haya, ili uonwe mara moja.